Sheria za Ulaya zilivyoondoa balbu za waya na tyubulaiti sokoni, na kwa nini zinatuhusu sisi tunaonunua taa Afrika Mashariki

Fundi Mwambao (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Nafanya kazi ya umeme Hamburg, Ujerumani. Miaka ya karibuni kazi yetu kubwa ni kung'oa taa za zamani maofisini, shuleni na maghalani na kufunga LED. Ndugu zangu wa Tanga na Mombasa huniuliza maswali yale yale: ni kweli Ulaya wamepiga marufuku balbu? Na zile tyubulaiti wanazoacha kutumia zinakwenda wapi? Naweka majibu hapa kwa kirefu, maana kwenye magrupu ya WhatsApp mambo haya yanasambazwa nusunusu, na anayeumia ni mnunuzi wa mwisho.

Kuna sheria mbili zinazotembea pamoja, na watu huzichanganya. Moja inashughulika na umeme unaopotea. Nyingine inashughulika na sumu iliyomo ndani ya taa. Taa inaweza kufaulu moja ikafeli nyingine, na ndivyo ilivyokuja kutokea.

Tuanze na ya umeme. Machi 2009 Tume ya Ulaya ilipitisha Kanuni namba 244/2009. Ukiisoma hukuti mahali palipoandikwa kwamba balbu ya waya ni marufuku. Imeandikwa hesabu tu: taa ikitoa mwanga kiasi hiki, isile zaidi ya wati kadhaa. Sasa chukua balbu ya kawaida ya wati 100. Inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,300 na kitu, yaani kama 13 kwa kila wati. Umeme mwingi uliobaki unakuwa joto, ndiyo maana ukiigusa inakuunguza. Waya wa tungsteni hauwezi kufika kwenye kikomo kile hata kiwanda kijitahidi vipi.

Walizitoa kwa awamu ili viwanda na maduka vijipange. Tarehe 1 Septemba 2009 zikaondoka za wati 100, pamoja na balbu zote zenye kioo cha maziwa ambazo hazikufika daraja A la lebo ya umeme ya wakati ule. Septemba 2010 zikafuata za wati 75, Septemba 2011 za wati 60, na Septemba 2012 zilizobaki. Halojeni za umbo la balbu zilipangiwa 2016, viwanda vikaomba muda, zikasogezwa hadi 1 Septemba 2018.

Kisha ikaja Kanuni 2019/2020, iliyokusanya zote za nyuma mahali pamoja na kuanza kutumika 1 Septemba 2021. Hiyo ndiyo iliyoondoa zile taa za kujipinda tulizoziita za kubana umeme, na miaka miwili baadaye ikaondoa tyubulaiti za T8, zile nene za kawaida, za futi mbili, nne na tano. Nitarudi kwa ya sumu, maana ndiyo inayotugusa zaidi.

---

Bint Makorora

Asante sana kaka Fundi, uzi wenye madini. Nina swali. Mimi nilidhani marufuku inaanza siku ile na maduka yanafungiwa. Lakini shemeji yangu aliyeko Uholanzi anasema aliona balbu za waya dukani miaka kadhaa baada ya 2012. Wanavunja sheria?

---

Fundi Mwambao

Hapana dada, si lazima wawe wanavunja. Sheria hizi zinamkaba anayeingiza bidhaa sokoni kwa mara ya kwanza, yaani kiwanda au mwagizaji. Kilichokwisha kuingia sokoni kabla ya tarehe kinaruhusiwa kuuzwa mpaka kiishe. Mwaka 2009 watu hapa Ujerumani walinunua balbu kwa maboksi na kuziweka stoo.

Halafu palikuwa na mwanya. Balbu za matumizi maalumu, kama za ndani ya oveni au friji, hazikuguswa, na hilo ni sawa kwa sababu LED haistahimili joto la oveni. Lakini wapo waliochukua balbu za kawaida, wakaziandika kwenye boksi kwamba ni za viwandani, zinazostahimili mtikisiko, wakaendelea kuziuza kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani. Mwanya huo ulibanwa mwaka 2015 kwa marekebisho ya kanuni. Mwaka 2010 mhandisi mmoja wa huku aliagiza balbu za wati 75 na 100 akaziuza kwa jina la Heatball, akisema ni vifaa vya kupashia nyumba joto. Forodha ikazuia mzigo, na mahakamani hakushinda.

Naheshimu hoja ya watu wa majukwaa ya tamthilia, lakini. Rasimu ya 2018 ya ile kanuni ya 2019 ingezizima taa zao karibu zote, na LED za wakati ule hazikuweza kufifia taratibu hadi giza kama taa ya tungsteni inavyofifia. Walipaza sauti Ulaya nzima na wakasikilizwa. Aina kadhaa za vitako vinavyotumika kwenye taa za jukwaani ziliachwa nje ya kanuni ya 2019. Kwangu mimi huo ni mfano wa sheria iliyowasikiliza wanaoishika taa kwa mikono yao.

---

Mtoto wa Kongowea

Salamu Fundi. Mimi nina duka la vifaa vya umeme hapa Mombasa. Mwaka juzi nililetewa ofa ya tyubulaiti za futi nne, mzigo mkubwa, bei ya kutupa. Aliyeniuzia alisema ni mali safi ya Ulaya. Nilichukua kiasi. Zinawaka vizuri, sikatai. Lakini baada ya kusoma hapa najiuliza, kama ni safi hivyo mbona wao hawazitaki?

---

Fundi Mwambao

Kaka yangu, hilo ndilo swali nililotaka mtu aulize.

Ndani ya kila tyubulaiti na kila taa ya kujipinda mna zebaki. Bila mvuke wa zebaki taa haiwaki: umeme unausisimua mvuke, unatoa mionzi tusiyoiona, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza kuwa mwanga. Kiasi ni kidogo, miligramu chache kwa taa moja, lakini zidisha kwa taa za mji mzima zinazovunjwa jalalani.

Ulaya wana sheria ya sumu kwenye vifaa vya umeme, inaitwa RoHS. Ya kwanza ilianza kufanya kazi 1 Julai 2006, ikaandikwa upya 2011. Inakataza zebaki, risasi, kadimiamu na nyinginezo. Taa zilipewa msamaha kwa sababu wakati ule hakukuwa na mbadala wa maana, ila msamaha wenyewe ulikuwa na kipimo. Taa ndogo za kujipinda za chini ya wati 30 ziliruhusiwa miligramu 5, ikashuka hadi 3.5, na kuanzia 2013 ikawa 2.5.

LED zilipokuwa bora na bei ikashuka, sababu ya msamaha ikaisha. Tarehe 24 Februari 2022 Tume ikachapisha maamuzi yake. Taa za kujipinda, pamoja na zile za pini zinazochomekwa kwenye dari za maofisi, msamaha wao ukaisha 24 Februari 2023. T5 na T8 ukaisha 24 Agosti 2023.

Hapa ndipo utaona nilichosema kuhusu sheria mbili. T5, ile nyembamba, ilifaulu kabisa kwenye sheria ya umeme. Kanuni ya 2019 iliiacha iendelee. Sheria ya sumu ndiyo iliyoiondoa. Viwanda vilivyopanga kuuza T5 kwa miaka mingi mbele vililazimika kupanga upya ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Sasa kwa nini zilikufikia wewe. RoHS inahusu kinachouzwa ndani ya soko la Ulaya. Kiwanda kilichopo Ulaya kiliweza kuendelea kutengeneza tyubulaiti ile ile na kuiuza nje. Taa isiyofaa kwa mtoto wa shule wa Hamburg ilihesabiwa kuwa inafaa kwa mtoto wa shule wa Kisauni. Hili liliniuma na bado linaniuma. Sizungumzii aliyekuuzia wewe, simjui. Nazungumzia mpango mzima ulioruhusu jambo hilo kwa karatasi halali.

---

Sheria Mkononi

Niongeze hapo kwenye hoja ya Fundi, maana nafuatilia mikataba ya mazingira.

Mlango huo unafungwa, na Waafrika ndio walioushika kitasa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Oktoba 2013 nchini Japani na kuanza kutumika Agosti 2017. Mwanzoni ulizigusa tu taa zenye zebaki ya kupita kiasi. Mwaka 2021 kundi la nchi za Afrika likapeleka pendekezo kwamba taa zote za namna hii zifikie mwisho, likisema wazi kwamba bara letu halitaki kuwa mahali pa kumalizia bidhaa zilizokataliwa kwingine. Kwenye mkutano wa Bali, Machi 2022, ikakubaliwa taa za kujipinda zenye balasti yake ndani (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) zikome ifikapo 2025. Kwenye mkutano wa Geneva, mwishoni mwa 2023, tyubulaiti nazo zikawekewa ukomo, zote ziwe zimeondoka ifikapo 2027. Makubaliano yanahusu kutengeneza, kuingiza na kutoa nje ya nchi.

Tanzania iliridhia mkataba huo 2020, Kenya 2023.

Ulaya nao wakarekebisha kanuni yao ya zebaki mwaka 2024, Kanuni 2024/1849. Hiyo inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuza nje aina kadhaa za taa za zebaki, kwa tarehe mbili: nyingine kuanzia 31 Desemba 2025, nyingine kuanzia 31 Desemba 2026. Kwa hiyo ule mwanya wa "hatutumii lakini tunauza nje" umewekewa tarehe ya mwisho kwa maandishi.

---

Jua Kali Nairobi

Hapo ndipo mimi huwa sielewi nyie mnaoisifia Ulaya. Waliua balbu ya bei ya chini, wakatuambia nunueni za kujipinda, serikali zetu zikazigawa bure kwa wananchi. Sasa za kujipinda nazo ni sumu, nunueni LED. Na LED nyingi za mtaani hazimalizi miezi sita. Balbu ya zamani ilidumu. Mimi naona ni biashara tu.

---

Fundi Mwambao

Ndugu, hasira yako naielewa, ila tutenganishe mambo.

Kuhusu balbu ya zamani kudumu: ilidumu kama saa 1,000, na haikuwa kwa bahati. Desemba 1924 wenye viwanda wakubwa wa taa walikutana Geneva wakaunda umoja wao, Phoebus. Walikubaliana balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na kiwanda ambacho balbu zake zilizidi kilitozwa faini. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara tu.

Kanuni ya sasa inakwenda upande wa pili. LED inayouzwa Ulaya hupimwa hivi: wanachukua taa kumi, wanaziwasha saa mbili na nusu, wanazima nusu saa, wanarudia mizunguko 1,200. Zikimaliza saa hizo 3,000, angalau tisa lazima ziwe bado zinawaka, na mwanga wake usiwe umeshuka kupita kipimo. Rangi za vitu zionekane vizuri chini ya mwanga wake, kipimo cha rangi kisipungue 80 kwa taa za kawaida za ndani. Kupepesa nako kuna kikomo, na kikomo hicho kilikazwa zaidi kuanzia Septemba 2024.

Hizo LED zinazokufa miezi sita hazijapitia jaribio kama hilo. Fungua moja iliyoungua uiangalie. Utakuta kapasita imevimba kichwa, au ledi moja kwenye sahani ina kidoa cheusi katikati, na kwa kuwa zimeunganishwa kwa mfuatano, moja ikikatika zote zinazima. Chini ya sahani utakuta alumini nyembamba kama karatasi ambapo palitakiwa pawe na kipande cha kubeba joto. Aliyeitengeneza alijua itaungua. Kosa si la LED kama teknolojia, ni la kuruhusu taa ambayo haikupimwa iuzwe.

Kwenye jambo moja uko sahihi kabisa: zile za kujipinda zilipogawiwa, mwananchi hakuelezwa azitupe wapi. Ulaya walikuwa na sheria ya taka za umeme tangu 2002, ikaandikwa upya 2012. Mtengenezaji hulipia ukusanyaji, na gharama imo ndani ya bei unayolipa dukani. Taa ina alama ya pipa lililokatwa msalaba, maana yake usiitupe na taka za jikoni. Duka kubwa lenye angalau mita za mraba 400 za vifaa vya umeme linatakiwa kupokea taa ndogo iliyokufa bure hata kama hununui kitu. Sisi tulipokea taa bila kupokea mfumo wa kuirudisha.

---

Bint Makorora

Hapo umenigusa. Nyumbani kwetu zile za kujipinda zikivunjika tulifagia tu na ufagio wa chelewa, watoto wakiwa pembeni. Mtu afanyeje zikivunjika? Maana bado ziko majumbani.

---

Fundi Mwambao

Dada, usiogope kwa zilizopita, kiasi cha taa moja ni kidogo. Ila kuanzia sasa:

Toa watoto chumbani, fungua madirisha, subiri robo saa au zaidi kabla hujarudi. Usitumie ufagio wala mashine ya kuvuta vumbi, vinatawanya ule unga na mvuke. Okota vipande kwa karatasi ngumu mbili, moja ya kusukumia na nyingine ya kuchotea. Vumbi linalobaki libandue kwa gundi ya karatasi, ile selotepu. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha weka vyote pamoja na kitambaa chenyewe ndani ya chupa yenye kifuniko cha kukaza. Usichome moto kamwe, zebaki inapanda hewani.

---

Mtoto wa Kongowea

Sasa mimi muuza duka nisaidie. Nikiletewa LED naambiwa "hii ni ya Ulaya, ina lebo". Nitajuaje?

---

Fundi Mwambao

Chukua boksi mkononi. Lebo ya Ulaya ya sasa ina herufi A hadi G kwa rangi, kijani juu, nyekundu chini. Hapo zamani palikuwa na A+ na A++, hizo zilifutwa Septemba 2021 kwa sababu karibu kila LED ilikuwa juu kabisa na mnunuzi hakuweza kutofautisha. Kwa hiyo ukiona A++ kwenye mzigo unaoambiwa ni mpya, jua boksi lilichapishwa kwa sheria ya zamani, au limechapishwa na mtu asiyeifuata.

Usishangae kuona E au F kwenye taa nzuri. Daraja A sasa linataka lumeni 210 kwa kila wati, ni chache zinazofika. F ni kati ya 85 na 110, na taa nyingi za kawaida ziko hapo na hazina ubaya. Mtu anayekuuzia balbu ya bei ya chini yenye A kubwa ya kijani, muulize vizuri.

Chini ya herufi kuna namba ya kilowati-saa kwa kila saa 1,000. Ikiandikwa 8, taa inakula wati 8. Juu kuna msimbo wa QR. Uskani kwa simu, utapelekwa kwenye daftari la wazi la Umoja wa Ulaya linaloitwa EPREL, ambapo kila modeli imeandikishwa. Linganisha namba ya modeli iliyo kwenye boksi na ile iliyoko kule. QR isipofunguka, au ikafungua taa nyingine, rudisha mzigo.

Kisha acha kuuza kwa wati. Mteja akisema anataka mwanga kama wa balbu ya 60, mpe ya lumeni 806. Kwa hesabu ya kanuni ya Ulaya kwa LED, ya 40 ni 470, ya 75 ni 1,055, ya 100 ni 1,521, zaidi kidogo ya balbu yenyewe. Nimeona LED imeandikwa "sawa na wati 100" na ndani ya boksi maandishi madogo yanasema lumeni 800. Huyo mteja atarudi kukulaumu wewe.

Kwa Kenya mnayo pia kanuni ya 2016 ya lebo na viwango vya vifaa vya umeme, na tyubulaiti na balasti zimo. Itumie, ni haki yako kumdai aliyekuletea mzigo.

---

Jua Kali Nairobi

Sawa Fundi, umenijibu kwa adabu, nashukuru. Swali la mwisho la kiufundi. Nina kazi ya shule, madarasa yote yana T8. Nataka kuchomeka tyubu za LED kwenye fremu zile zile. Kuna ubaya?

---

Fundi Mwambao

Hakuna ubaya ukijua kilichomo ndani ya fremu. Kama ni choki ya zamani, ile nzito ya chuma yenye stata, toa stata na uweke ile ya LED inayokuja kwenye boksi la tyubu, ni kama fyuzi tu. Usiiache stata ya zamani mle. Kama ni balasti ya kielektroniki, si kila tyubu ya LED itaelewana nayo. Ama ununue iliyoandikwa kwamba inakubali balasti hiyo, ama uikate na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye holda.

Ukiikata, kuwa mwangalifu sana. Kuna tyubu zinazopokea umeme upande mmoja na nyingine pande zote mbili. Baada ya kubadili nyaya, bandika karatasi ndani ya fremu inayosema nyaya zimebadilishwa na tyubu gani iwekwe, kwa sababu siku moja mlinzi wa shule atachomeka tyubulaiti ya zamani mle. Huku Ulaya fundi anayebadili nyaya za fremu hivyo anabeba dhamana ya bidhaa nzima kama vile yeye ndiye aliyeitengeneza, ndiyo maana kwenye kampuni yetu mara nyingi tunabadili fremu nzima. Na ukiamua kununua fremu mpya, tafuta ambayo taa na draiva yake (kifaa kinachoilisha LED umeme) vinatoka kwa bisibisi. Kanuni ya 2019 inawataka watengenezaji wafanye hivyo, isipokuwa wakiwa na sababu ya kiufundi, lakini fremu nyingi zinazokuja Afrika zimegundishwa, na draiva ikifa unatupa kila kitu.

Zile T8 utakazozitoa zirudishe ndani ya maboksi ya tyubu mpya, zikiwa nzima, zisivunjwe ili zienee gunia. Ulizia kwa mamlaka ya mazingira nani anazipokea kabla hujaanza kazi, na uiweke gharama hiyo kwenye bei yako ya shule.

Piga picha ya maandishi yaliyo juu ya balasti uiweke hapa. Nitakuambia tyubu gani itakubali.